Pesa Iko Kwenye Kikopo

Duka la kawaida la Mlango Kubwa, Mathare, Nairobi, lile la mabati lenye wavu wa chuma mbele, linaweza kukosa mkate lakini halikosi mafuta ya kujipaka. Wazazi wa Mathare hawapeleki mtoto shule akiwa amepauka miguu. Nyumba inaweza kulala bila mboga, lakini asubuhi mtoto atapakwa mafuta mpaka ang'ae. Mahitaji hayo hayapungui, na ndiyo yaliyofanya mafuta ya kujipaka yawatajirishe watu kadhaa katika nchi hii. Vijana wa vikundi vya Mathare wanaochanganya jeli na losheni kwenye sufuria wamekuwa wakiuliza siri ya mchanganyiko. Mimi naona wanatafuta siri mahali ambapo haipo.

Mchanganyiko wenyewe hauna fumbo. Jeli ni masalio ya mafuta ya petroli yaliyosafishwa, nta na mafuta laini vikiwa vimeshikana. Mwaka 1859 mkemia kijana, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, Pennsylvania, kwenye visima vipya vya mafuta. Aliwakuta vibarua wakikwangua nta nyeusi iliyoganda kwenye vyuma vya pampu na kujipaka kwenye majeraha ya moto. Akaichukua, akaisafisha, na mwaka 1872 akapata hataza ya Vaseline nchini Marekani. Hataza hiyo iliisha muda wake zamani, na leo yeyote mwenye jiko na pipa anaweza kutengeneza jeli. Hata Arimis, iliyokusudiwa matiti ya ng'ombe wakati wa kukamua, ilihamia kwenye ngozi za watu bila kubadilishwa chochote.

Hata hivyo, urahisi wa mapishi usimdanganye mtu. Jeli ya kuuzwa Mombasa haitakiwi kuyeyuka dukani, na ya kuuzwa Nairobi haitakiwi kuwa ngumu kama mshumaa baridi ya Julai ikiingia. Anayechanganya huongeza nta ya parafini ili igande na mafuta meupe ili ilainike. Asipoweka kiasi cha nta yenye chembe ndogo sana, jeli hutoa jasho: mafuta hujitenga na kuelea juu ya kikopo. Halafu kuna joto. Nta huyeyushwa kwenye nyuzi 80 hivi, lakini manukato yakimiminwa wakati huo yanapaa na mvuke. Husubiriwa ipoe hadi karibu nyuzi 60. Ikijazwa kikoponi ikiwa moto mno, itasinyaa inapoganda na kuacha shimo katikati, na mteja atasema amepunjwa. Ikijazwa ikiwa imepoa mno, itakuwa na mabonge.

Kwenye jeli yenyewe pia kuna hatari kubwa. Jeli ambayo haikusafishwa hadi mwisho inaweza kubaki na kemikali zinazohusishwa na saratani, na si rahisi kuigundua kwa macho. Ndiyo maana kiwanda makini hununua jeli yenye cheti cha daraja la dawa, hata kama ya viwandani ni nafuu. Anayeyeyusha mafuta yatakayopakwa mtoto mchanga hana haki ya kubahatisha jambo hili.

Losheni ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Kwa upande wa faida ni habari njema, maana maji ndiyo malighafi ya bei nafuu kuliko zote. Kwa upande wa ufundi ni mtego. Maji na mafuta hayakai pamoja bila kiunganishi, na penye maji pana vijidudu. Jeli haina maji, kwa hiyo haiozi. Losheni iliyochanganywa kwa maji ya mtungi yasiyochemshwa, bila kihifadhi cha kutosha, huanza kunuka au kuota ukungu kabla chupa haijaisha. Kikundi kinachoanza na losheni kwa kuvutiwa na faida ya maji kimeanza na hatua ngumu.

Sasa tupige hesabu. Pipa la jeli lenye kilo 170 likigawanywa kwenye vikopo vya gramu 250 linatoa vikopo 680. Likigawanywa kwa gramu 50 linatoa 3,400, na kwa gramu 25 linatoa 6,800. Mkazi wa Mathare anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: unga wa kupima, mafuta ya kupikia ya kupima, sukari ya kadogo. Atachukua kikopo cha gramu 25, na kwa kila gramu atalipa zaidi ya mteja wa supamaketi. Juu ya karatasi, basi, kikopo kidogo ndicho chenye faida. Lakini sasa mtengenezaji anahitaji vikopo 6,800, vifuniko 6,800 na lebo 6,800, na mara nyingi vitatu hivyo kwa pamoja vinagharimu zaidi kuliko jeli iliyomo ndani. Mtaji wote umegeuka plastiki kabla senti moja haijarudi. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama, hata vile vilivyochanganya vizuri.

Mfanyabiashara Paul Kinuthia aliupitaje mtego huu? Alianzisha kampuni ya Interconsumer Products mwaka 1995 kwa mtaji ambao mwenyewe ameutaja kuwa Sh3,000, akikorogea kwenye pipa la plastiki kwa mti. Hakuanza na jeli ya dukani. Alianza na shampuu na kondishena za saluni. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ndio wa kuchunguzwa kuliko vyote alivyofanya baadaye. Saluni haihitaji kikopo chenye nakshi, inahitaji ujazo mkubwa. Mwenye saluni humaliza dawa haraka na kuagiza tena, na hujua siku ileile kama povu limepungua au nywele zimekuwa ngumu, akamwambia mtengenezaji uso kwa uso. Kwa gharama ndogo ya chombo, Kinuthia alipata vitu viwili: pesa inayozunguka upesi, na wakaguzi wa ubora ambao hakuwalipa.

Jina la bidhaa zake, Nice & Lovely, lilipofika kwenye rafu za maduka, ndipo jeli, losheni na mafuta ya nywele yakapata kikopo chao. Mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ilinunua biashara hiyo ya urembo, ambayo mauzo yake ya mwaka 2012 yalikuwa yapata euro milioni 15. Kinuthia alibaki na upande wa nepi na pedi. Wafaransa hawakukosa wakemia wa kuchanganya jeli. Walichonunua ni jina ambalo mama wa Mathare na wa Kisumu wanalitaja bila kufikiri, na njia ya kulifikisha kwao.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye mafuta ya kupikia. Familia ya Bhimji Depar Shah ilitoka kwenye nguo Nyeri, ikaingia kwenye sabuni mwaka 1985, na mwaka 1991 kampuni yao, Bidco, ikafungua kiwanda cha mafuta Thika. Mitambo ya kusafisha mafuta ya mawese ilikuwa inauzwa kwa yeyote mwenye pesa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bidco iliona ni vyema kuinunua chapa ya mafuta ya kupikia ya Kimbo kutoka Unilever, yaani kununua jina lililokuwa tayari jikoni.

Kwa kikundi cha Mathare kinachonunua malighafi katikati ya jiji na kurudi nazo kwa matatu ya Juja Road, naona njia iko wazi kuliko inavyodhaniwa. Kuna saluni na vinyozi kutoka Pangani hadi Huruma, wote wanatumia jeli na mafuta ya nywele kila siku, na wote wanaweza kupokea ndoo badala ya vikopo, kisha wakairudisha ijazwe. Mauzo hayo yanaweza kulipia vikopo vya kwanza na ukaguzi wa shirika la viwango, KEBS, kwa sababu bila alama ya ubora muuzaji wa jumla wa Dubois Road hataonyesha hata nia.

Jambo linalosahaulika zaidi ni manukato. Kikundi hununua chupa ndogo, ikiisha wananunua nyingine kwa muuzaji mwingine, na jeli ya Machi hainuki kama ya Februari. Mteja hajui kipimo cha nta, lakini pua yake inakumbuka. Akihisi harufu imebadilika, ataamini amepewa feki, na hatarudi. Kabla ya kununua mashine ya kujazia, ningeshauri kikundi kinunue manukato ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja, kiandike namba ya shehena yake, na kiyafungie mahali pa baridi pasipo na mwanga.