Hekalu Linaelea, Wakulima Wako Wapi?

Mshikaji wangu mmoja alisoma muswada wa riwaya yangu, akaniambia: "Kurasa kumi za ziwa na milima, bwana, na hakuna mtu aliyelowa hata kidole!" Nikanuna wiki nzima. Halafu huyohuyo akaniletea filamu ya Mkorea Kim Ki-duk, ya mwaka 2003, iliyopewa jina la majira: machipuo, kiangazi, mapukutiko, baridi, na machipuo tena. Nimeitazama mara tatu. Nimeipenda, na bado nina ugomvi nayo.

Msomaji, hadithi ni nyepesi. Milima pande zote, maji katikati, hekalu dogo la Kibuddha linaelea juu yake, ndani mtawa mzee na mtoto anayemlea. Mtoto anawafunga mawe samaki, chura na nyoka, anacheka. Mzee naye anamfunga jiwe mgongoni, anamtuma akawafungue. Chura kapona, wenzake wamekufa. Mtoto analia, basi. Hakuna hotuba.

Kilichonikamata hasa ni mlango. Ndani ya hekalu umesimama mlango usio na ukuta, na wote wawili wanaupita kwa adabu ingawa pembeni ni peupe. Mtoto anakuwa kijana, analetwa msichana mgonjwa kutibiwa, na usiku mmoja kijana anapita pembeni ya mlango. Tumeelewa yote! Sisi tungejaza kurasa nne za moyo kumdunda.

Baadaye anarudi akiwa amemuua mkewe. Mzee anachovya mkia wa paka kwenye wino, anaandika maneno matakatifu sakafuni, anamwamuru ayachonge kwa kisu kilekile alichoulia. Polisi wanamsubiri amalize. Haki ya Mungu, nilisahau kunywa chai yangu.

Sasa ugomvi. Maji yale yapo kweli, yanaitwa Jusanji, katika hifadhi ya Juwangsan. Hekalu lilijengwa kwa ajili ya filamu, kisha likaondolewa. La kweli ni Daejeonsa, langoni mwa hifadhi hiyohiyo. Silaumu, hata mimi nazua. Lakini Jusanji si ziwa la asili. Ni bwawa, lilijengwa mwaka 1720 hadi 1721 ili kumwagilia mashamba. Watu walibeba udongo pale! Filamu nzima sikuona jembe. Mzee anakwenda huko duniani, anarudi na chakula kilichofungwa gazetini, na gazeti ndilo linalomwambia habari za mauaji. Dunia yote imebaki karatasi ya kufungia chakula.

Na wanawake ndio wameonewa zaidi. Msichana kaletwa awe kishawishi, mke anauawa hata hatumwoni, na mama anayekuja kutelekeza mtoto wakati wa baridi amefunikwa uso, anatumbukia kwenye shimo la barafu. Uzuri wote ule wa majira umelipiwa na watu wasio na sura.

Mshikaji anasema nadai riwaya kutoka kwenye shairi. Labda. Ila nimeshafuta kurasa nane za milima yangu, na kwenye mbili zilizobaki kuna mama mwenye jembe begani anauliza nani kafunga maji.