Wiki ya Pwani Haikubali Nakala

Tathmini ya wiki ni kikao cha mtu na daftari lake: kazi zilizopita hufungiwa hesabu, zijazo hupewa siku. Hatua zake hazina ubishi. Karatasi na jumbe zilizotapakaa hukusanywa mahali pamoja, yaliyokwisha hufutwa, yaliyokwama hutajiwa sababu, kalenda hutazamwa nyuma na mbele, kisha siku 7 mpya hugawiwa kazi. David Allen, Mmarekani aliyeieneza tabia hii kwa kitabu chake cha mwaka 2001, aliifundisha vizuri. Wenye madaftari wa Tanga nao huenda vizuri hadi hatua ya nne. Ya tano ndiyo inayowaumbua: wiki mpya haipangwi, inanakiliwa.

Kitendo chenyewe kinajulikana na kila aliyewahi kushika mpango wa wiki. Ni Jumapili usiku, hesabu imefungwa, usingizi unanyemelea, ukurasa mweupe uko wazi. Mpango wa wiki iliyopita ulifaa. Basi Jumanne saa nne inaandikwa tena Jumanne saa nne, au kwenye simu panabonyezwa "rudia kila wiki", na daftari linafungwa. Tathmini ya nusu saa inauawa kwa kidole kimoja.

Bara, nakala hiyo ingeitwa uvivu, basi. Kuanzia Mkinga hadi Pangani ni hesabu iliyokosewa, na anayeionyesha vizuri zaidi ni mkulima wa mwani. Vigingi na kamba zake ziko mahali ambapo maji huondoka kwa saa chache tu, hasa wakati wa bamvua, yanapopwa mbali zaidi. Katika pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Akiandika kwamba Jumanne saa nne atafunga mbegu kwenye kamba, yuko sahihi, kwa Jumanne hiyo. Lakini maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Kwa siku 7 ni dakika 350, karibu saa 6, na saa 6 ndizo zinazotenga kupwa na kujaa. Jumanne inayofuata, saa ileile, shamba limefunikwa. Akisema asubiri yapwe, wiki hiyo ni ya maji mafu, na maji mafu hayarudi mbali vya kutosha. Nakala imekosa saa, ikakosa na siku. Mwenye daftari hurudi nyumbani akijilaumu kuwa hana nidhamu, ilhali nidhamu anayo. Ameifuata herufi kwa herufi ratiba ya maji yaliyokwisha kupita.

Wapo wanaotetea nakala ya kila wiki 2, kwa hoja kwamba bamvua hurudi. Hurudi, ila baada ya siku 14 na takriban robo tatu. Mwani huvunwa baada ya wiki 6 hivi, yaani mizunguko 3 ya bamvua, na kufikia hapo nakala imeshaachwa nyuma siku 2 na zaidi. Ni afadhali kuliko nakala ya wiki, si dawa.

Kosa hilo haliwahusu wenye mashamba ya maji peke yao. Dagaa wa taa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mavuno hupungua na vyombo vingi hutia nanga. Mama anayekaanga dagaa wa soko la Deep Sea, akinakili wiki ya giza kwenye wiki ya mbalamwezi, atakuwa amenunua mafuta na mkaa wa kukaangia samaki ambao bado wako baharini. Fundi cherehani wa Ngamiani, ambaye hata kuogelea huenda hajui, naye amefungwa na mwezi uleule: Idi huja mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na msimu wake wa kanzu hauna tarehe ya kudumu.

Waliotangulia hawakuhitaji kuambiwa haya. Manahodha wa pwani hii walikuwa na mwaka wa Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku 10, kwa ajili ya pepo, misimu na kilimo. Mwezi waliuachia maji na ibada, na juma waliliachia Ijumaa. Kalenda tatu, kila moja na kazi yake. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15, alitaja misimu ya kusafiri kwa idadi ya siku za Nairuzi. Leo hukumbukwa kwa hadithi ya kumwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, hadithi ambayo wanahistoria wengi wameikataa, huku hesabu zake, ambazo hazina shaka, zikiachwa kwenye vumbi.

Kalenda za simu nazo zina lawama yao. Kiwango cha ISO 8601 huanza juma Jumatatu, na simu nyingi hufuata hivyo. Kwa Kiswahili siku ya mosi ni Jumamosi. Juma hufungwa Ijumaa, hata kama lina siku mbili za tano, Jumatano ya Kibantu na Alhamisi ya Kiarabu. Tathmini ya Ijumaa alasiri, baada ya swala na kabla soko halijachangamka tena, humkuta mtu akiwa na akili. Ya Jumapili usiku humkuta na usingizi, na usingizi ndio mama wa nakala.

Kwa hiyo hatua ya tano hufanywa kwa mpangilio huu. Juu ya ukurasa huandikwa kwanza safu ya maji ya siku 14: bamvua, maji mafu, saa ya kupwa. Kazi zinazofungwa na maji hupangwa hapo. Hufuata zenye saa isiyohama: swala, shule, kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa. Zilizobaki huingia kwenye mapengo, na si mapengo yote yajazwe. Mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za ukoloni, pamoja na ukatili wake wote, yalikuwa na hesabu moja inayofaa kuazimwa: kipande cha kazi za siku 30 kilikamilishwa ndani ya siku 42. Ni siku 5 za kazi kwa kila 7. Tajiri aliyemkamua mkata mkonge alijua kuwa mtu huugua, huzika na hunyeshewa. Anayejipangia mwenyewe hujaza zote 7, kisha hushangaa.

Siku 2 tupu huachwa bila jina. Zikipita bila dharura, hupokea kazi iliyokwama, ile iliyotajiwa sababu katika hatua ya tatu. Ijumaa inayofuata ukurasa mpya hufunguliwa, na safu ya maji huandikwa upya.