Miaka Miwili Kabla ya Bonneville

Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1959 ni pikipiki ya silinda mbili na kabureta mbili, cc 649, nguvu za farasi 46. Iliundwa Meriden, karibu na Coventry, Uingereza, ikapewa jina la jangwa la chumvi la Utah ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph kwa zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Miaka kumi baada ya kuingia sokoni, Malcolm Uphill aliipanda katika mashindano ya kisiwa cha Man na kuumaliza mzunguko wa kilomita 60 kwa wastani wa maili 100 kwa saa, jambo ambalo hakuna pikipiki ya aina inayouzwa madukani iliyokuwa imelifanya pale. Nyingi kati ya mashine hizo zipo hadi leo. Nyingine zimelala bandani chini ya turubai, hadi siku babu anapofariki na mjukuu wa miaka 17 anaambiwa: hii ni yako.

Hapo nyumba hugawanyika. Mama anataka iuzwe kabla ya arobaini. Marafiki wanataka iwashwe leo. Mimi nadhani aachiwe, na nitaeleza kwa nini.

Sheria ya Uingereza yenyewe imempa kijana huyo zawadi asiyoitambua. Akiwa na miaka 17, baada ya mafunzo ya lazima yaliyoanza mwaka 1990, anaweza kupanda pikipiki ya cc 125 yenye nguvu isiyozidi kilowati 11. Akifika 19 anaweza kufanya mtihani wa daraja la pili, ambalo ukomo wake ni kilowati 35. Leseni isiyo na mpaka inapatikana akiwa na 21 kama amekaa na hiyo ya kati kwa miaka miwili, au 24 akienda moja kwa moja. Sasa fanya hesabu: farasi 46 ni kama kilowati 34. Bonneville ya mwanzo inapita chini ya ukomo huo wa kati kwa nafasi nyembamba kabisa. (Matoleo ya baadaye yalitangazwa kuwa na nguvu zaidi kidogo, kwa hiyo karatasi za mashine zisomwe vizuri.) Maana yake, kijana ana miaka miwili ya kungoja, na mashine iko pale pale bandani. Miaka hiyo ikitumiwa ipasavyo, humtengeneza mpanda pikipiki wa kweli.

Kwanza ajifunze kuiwasha. Pikipiki ya leo unabonyeza kitufe, inaitika. Bonneville ina utaratibu wake, na kila hatua ina sababu. Unafungua koki ya petroli. Unabonyeza kijiti kidogo juu ya kila kabureta hadi petroli itoe jasho pembeni, kwa kuwa injini ya baridi inataka mchanganyiko mzito. Kisha, kabla ya kuwasha chochote, unabana klachi na kusukuma kiki mara moja au mbili, ili pleti za klachi zilizogandana usiku kucha kwa oili ziachane. Usipofanya hivyo, gia ya kwanza itaingia kwa kishindo na pikipiki kurukia mbele. Pistoni zote mbili za injini hii hupanda na kushuka pamoja. Unasukuma kiki polepole mpaka uhisi mgomo wa hewa iliyobanwa, unaipitisha kidogo, unarudisha kiki juu, ndipo unaipiga kwa uzito wa mwili wote, mguu ukifuata hadi chini. Anayeipiga kwa hasira hupigwa nayo.

Ikishawaka, usiondoke. Oili ya Bonneville haikai chini ya injini. Ina tangi lake pembeni, inakwenda kulainisha na kurudishwa kwa pampu. Fundi mzoefu hufungua kifuniko cha tangi na kuchungulia: je, oili inarudi? Ukiiona ikitiririka kutoka kwenye bomba lake, injini ina damu inayozunguka. Usipoiona, zima. Napenda sana tendo hili. Ni la nusu dakika, halihitaji chombo chochote, na linamfundisha kijana kwamba kuuliza hali ya mashine ni sehemu ya kuipanda.

Humo humo bandani kuna kazi nyingine za mikono. Waya wa klachi na wa breki ya mbele hukatika uzi mmoja mmoja pale kwenye kichwa cha risasi, ndani ya mkono wa klachi au wa breki, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uutoe. Wa zamani utolewe, uwekwe mpya. Spoku zigongwe kwa spana ndogo moja baada ya nyingine na kusikilizwa: iliyokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Tairi zisomwe. Tangu mwaka 2000 tairi huchapwa tarakimu nne za tarehe, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi isiyo na tarakimu hizo ni ya karne iliyopita, hata kama kashata zake bado zina kina. Mpira uliozeeka hukakamaa na kukataa kushika lami. Babu alimwachia mjukuu pikipiki, lakini tairi za babu zing'olewe zote mbili bila mjadala.

Wakati mikono inajifunza bandani, mwili ujifunze kwenye cc 125. Watu hupima ustadi wa mpanda pikipiki kwa mwendo wa kasi. Mimi ningekuomba umtazame anapokwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Kwenye mwendo huo pikipiki haina msaada wa mzunguko wa magurudumu kuisimamisha. Inashikiliwa na mtu. Klachi imebanwa nusu, mahali pale ambapo injini inavuta bila kuondoka, mafuta yametulia, breki ya nyuma inagusa kidogo tu ili mnyororo ubaki umekaza. Kichwa kimegeuka, macho yanaangalia mbali, kule anakotaka kufika, kamwe si kwenye tairi la mbele. Mtihani wa Uingereza una kupita katikati ya koni, kuchora namba nane, na kugeuza pikipiki ndani ya upana wa barabara bila kuweka mguu chini. Anayefanya hivyo kwa utulivu amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyopiga kona akiwa na mwendo.

Breki ndiyo moyo wa ufundi huu, na ndipo wengi wetu tulipofundishwa vibaya. Kijana wa Mwanza au Kakamega ameshaambiwa na kaka yake kwamba breki ya mbele itamrusha, aitumie ya nyuma. Ukweli ni kinyume. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kupata mshiko, la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iko mbele. Kinachomwangusha mtu ni kuikamata breki ya mbele ghafla, kabla uzito haujafika. Mkono unapaswa kufanya kama wa mtu anayekamua tui: unaanza taratibu, unahisi, kisha unazidisha nguvu kadiri kinachokamuliwa kinavyokubali, na mwishoni unalegeza. Yote hayo kwa kitambo kifupi sana. Hakuna anayezaliwa na mkono huo. Hupatikana kwenye uwanja mtupu, kwa kurudia, kwanza katika kilomita 20 kwa saa, halafu 30, halafu 50, ambayo ndiyo kasi ya mtihani wa kusimama kwa dharura.

Hesabu za breki kijana azijue kwa kichwa. Katika kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 14 kila sekunde, hata kabla mkono haujafanya lolote. Ikipunguzwa mwendo kwa nguvu ya wastani itahitaji kama mita 19 zaidi. Ongeza mwendo mara mbili, hadi 100, na zile mita 19 zinakuwa 77. Mwendo umezidi mara mbili, umbali mara nne. Na hapa Bonneville haina huruma: breki zake za mwanzo ni za dramu, breki shuu zikisugua ndani ya kitovu cha gurudumu. Zikipata joto kwenye mteremko mrefu zinalegea, zikiingiwa maji zinachelewa. Mwaka 1968 Triumph iliweka breki bora ya mbele, lakini hata hiyo haiwezi kulinganishwa na diski ya leo. Injini inayoweza kufika karibu kilomita 180 kwa saa imefungwa breki za zama nyingine. Anayeipanda lazima azibe pengo hilo kwa macho yake.

Macho nayo yana shule yake. Polisi wa Uingereza walianza kufundisha uendeshaji kama elimu huko Hendon, London, katika miaka ya 1930, na mafunzo yao yalikuja kuchapishwa kwa wananchi mwaka 1955 katika kitabu Roadcraft. Kanuni yake kuu ni ya kawaida kwa kuitamka na ngumu kwa kuitii: usiende kasi ambayo hutaweza kusimama ndani ya umbali unaouona kuwa wazi. Kwenye kona, tafuta pale ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Nukta hiyo ikikusogelea, kona inabana, punguza mwendo. Ikikaa pale pale, mwendo wako unatosha. Ikianza kukimbia, kona inafunguka na waweza kuongeza mafuta. Na kwa kuwa Waingereza huendesha kushoto kama sisi, ujuzi huu unafaa kwenye miteremko ya Kitonga na Mai Mahiu bila kubadilishwa: kona ya kulia ishikwe kwa upande wa kushoto wa njia yako ili uone mbali zaidi.

Jambo jingine hushangaza kila mwanafunzi. Pikipiki ikishashika mwendo, ukitaka kwenda kulia unausukuma mbele mpini wa kulia wa usukani. Gurudumu linaelekea kushoto kidogo sana, mwili wa pikipiki unalalia kulia, na kona inaanza. Wengi hulifanya bila kujua. Tatizo ni siku gari linapochomoka ghafla: asiyejua anajaribu kuuzungusha usukani mbali na hatari, na pikipiki inamlaza kuelekea hatari ile ile.

Hayo si maneno ya kutisha watoto. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 za pikipiki zilizotokea Los Angeles, walizozifuata barabarani zilipotokea. Wapandaji 92 kati ya kila 100 walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Walipokutana na hatari, wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi tairi likaburuzika, wakaitumia ya mbele kidogo mno, na hawakujua kuikwepesha. Zaidi ya nusu hawakuwa wamemaliza miezi 5 na ile pikipiki waliyoanguka nayo, hata kama walikuwa wamepanda nyingine kwa miaka. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mrithi wa Bonneville kuliko yote. Ugeni ni wa mashine pia.

Na Bonneville ya zamani ina ugeni wake mkubwa: gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto. Mpangilio wa leo, uliowekwa kuwa lazima Marekani katikati ya miaka ya 1970, ni kinyume chake. Miaka miwili ya cc 125 imemjengea kijana mguu wa kulia unaokanyaga breki bila kufikiri, na mguu huo huo sasa utakanyaga gia. Kwa hiyo wiki za kwanza na mashine ya babu ziwe uwanjani au shambani, asubuhi pasipo na mtu, mpaka miguu ikubali. Abiria asiwepo. Mvua na usiku visubiri.

Kofia ngumu haina mjadala. T. E. Lawrence, yule wa Arabuni, alikuwa mpanda pikipiki za Brough Superior mwenye uzoefu mkubwa alipowakwepa vijana wawili waliopanda baiskeli karibu na nyumbani kwake Dorset, Mei 1935, akaumia kichwa na kufariki baada ya siku sita. Daktari Hugh Cairns, aliyeitwa kumhudumia, alichunguza majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawavisha kofia wapanda pikipiki wake. Sheria kwa raia ilifika mwaka 1973. Kofia inayoning'inia kwenye kiwiko haijamlinda mtu yeyote.

Nimesema aachiwe pikipiki, na sababu ni hii: mashine inayodai kuwashwa kwa adabu, kuchunguliwa oili, kugongwa spoku na kuwekewa umbali wa ziada inamfundisha kijana uangalifu ambao hatuwezi kumpa kwa kumkataza. Ila wewe uliyebaki na dhamana, baba, mama au mjomba, usimkabidhi siku anayoiomba. Simama pembeni ya uwanja umtazame. Mkabidhi siku utakapomwona akiisimamisha kutoka kilomita 50 kwa saa, mara kwa mara, bila tairi hata moja kuburuzika.