Juu ya Maswali ya Ufahamu katika Madarasa ya Chini ya Singida

Katika vitabu vya kusomea vya madarasa ya chini, hadithi hufuatwa na maswali, nayo huitwa maswali ya ufahamu. Twaona kwamba mengi hayastahili jina hilo. Msomaji na aisome sentensi hii, ambayo maneno yake matatu tumeyabuni sisi, wala hayana maana yoyote: "Ntandu alipwetua kigaso dwembeni." Kisha ajibu: Nani alipwetua kigaso? Ntandu alipwetua nini? Alikipwetua wapi? Atajibu yote matatu pasipo kukosea, na mwalimu atampa alama zote, ingawa hajui kama Ntandu alipika, au alilima, au alivunja chungu cha mamaye.

Kwa mtu mzima huo ni mchezo tu. Lakini mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba atokaye kijijini, ambaye kwao husemwa lugha ya kwao, huenda sentensi nyingi za kitabu zikawa kwake sawasawa na hiyo ya Ntandu. (Hatusemi habari za watoto wa mjini, ambao wengi hukua na Kiswahili.) Hunakili neno lililo mahali pake, akasifiwa, akapanda darasa, hata afikapo Darasa la Tatu, masomo yanapoongezeka, ndipo huonekana kwamba alitamka tu.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, nasi hatulipingi jambo hilo. Twapinga kudhani kwamba aliyetamka amekwisha kufahamu. Upimaji wa mwaka 2013 katika Tanzania Bara ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Darasa la Pili, 8 tu waliweza kusoma kwa ufahamu. Mtaala wa mwaka 2015 wa madarasa mawili ya kwanza ulitia mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Kufundisha sauti za herufi ni kwema; lakini sauti hazimpi mtoto maana ya neno asilopata kulisikia.

Basi swali jema ni lipi? Tuseme kitabu chaandika: "Maji ya Ziwa Singidani yana chumvi. Ntandu alilipita ziwa, akaenda kuteka maji kisimani." Mwalimu asiulize Ntandu aliteka wapi. Aulize: Kwa nini hakuteka ziwani? Hapo hapana neno la kunakili; mtoto hana budi kuziunga sentensi mbili.

Mwenye darasa la watoto 80 atasema hana nafasi ya kuwasikiliza wote. Ni kweli, lakini swali moja la namna hiyo, wakiulizana wawili wawili, lapita kumi ya kunakili. Na mtoto akijibu kwa Kinyaturu, asikemewe. Mwalimu mgeni asiyeijua lugha hiyo amwambie mwenziwe afasiri, naye huyo mfasiri atakuwa ameisoma hadithi kuliko wote.