Mtazame kwa Nyuma: Mwongozo wa Nguo za Umbo la Namba Nane

Harusi za sare ni darasa zuri la mishono. Kitambaa ni kimoja na rangi ni moja, pengine hata mtindo umeshaamuliwa na kamati. Kinachobaki kutofautiana ni miili na mikono ya mafundi. Wanawake wanapoingia ukumbini wakicheza, wengi hutazama nyuso na vilemba. Mimi hungoja wapite niwaone migongo. Mwanamke wa namba nane, mwenye kifua na nyonga vinavyokaribiana kwa upana na kiuno kilichoingia ndani, anaweza kuvaa gauni la kupendeza kwa mbele, kumbe nyuma limeharibika: kitambaa kimejikusanya juu ya makalio, zipu imepinda, na kiuno chenyewe hakijulikani kilikokwenda.

Watu hudhani mwenye umbo hili hana taabu ya nguo, chochote atakachovaa kitamkaa. Waulize wenyewe. Nguo za dukani hukatwa kwa makadirio ya mwili ambao nyonga zake zimezidi kiuno kwa inchi 10 hivi. Ukiwa na tofauti ya inchi 12 au 13, hapo hakuna saizi yako. Sketi iliyokutosha nyonga itapwaya kiunoni, na iliyokukaa kiuno haitavuka mapaja. Ndiyo maana wengi huishia kwenye nguo za kuvutika zinazobana kila mahali, au hukata tamaa wakajificha ndani ya dera. Katikati ya hizo mbili ndipo kazi ya fundi mzuri ilipo, na kazi hiyo ina dalili zake.

Dalili ya kwanza husomwa kwenye kitambaa. Pamba isiyovutika, kama ya kitenge, ikizidiwa nguvu hulalamika waziwazi. Mistari ya kulala inayokatiza tumbo au mapaja inasema hapo pamebana. Mistari ya mshazari inayotoka kwapani kuelekea kifuani inasema kifua kimenyimwa nafasi. Mikunjo ya kusimama, inayoning'inia, inasema nguo imezidi. Sasa upo mkunjo mmoja mnene unaolala juu kidogo ya makalio, na huo ndio ugonjwa mkuu wa magauni ya namba nane. Una sababu mbili, na dawa zake ni tofauti. Lishushe gauni kwa mikono, kisha tembea hatua chache. Likipanda tena, nyonga zimebana na kitambaa kimekimbilia kiunoni kwenye nafasi. Kama nyonga ziko huru na mkunjo bado upo, basi mgongo wa gauni ni mrefu kuliko mgongo wako. Fundi anayetibu yote mawili kwa kuongeza upana wa nyonga amebahatisha tu.

Gauni linalobana halionyeshi umbo, linaonyesha kubanwa. Kwa kitambaa kisichovutika, kiuno kiachiwe kama inchi moja juu ya kipimo cha mwili, na nyonga inchi 2. Nyonga hutanuka mtu akikaa, kwa hiyo fundi makini atakupima umesimama, kisha atakuvutia kiti apime tena. Nikimwona fundi anafanya hivyo, huwa siulizi maswali mengi mengine.

Kuhusu vipimo, mafundi wengi huchukua vitatu vya mzunguko, kifua, kiuno na nyonga, wakaridhika. Kwa mwili ulionyooka hiyo inaweza kutosha. Kwa namba nane, vipimo vya urefu ndivyo vinavyookoa nguo: bega hadi kiuno kwa mbele kupitia juu ya kifua, shingo hadi kiuno kwa nyuma, na kiuno hadi pale nyonga zilipo pana kuliko pote. Kiuno kikishonwa inchi moja chini ya mahali pake, sehemu nyembamba ya gauni itaangukia sehemu pana ya mwili, nalo gauni litapanda. Kujua kiuno chako kilipo, funga lastiki nyembamba tumboni, inama upande huu na huu, jitikise kidogo. Itakaa yenyewe mahali pembamba kuliko pote. Pima kuanzia hapo. Usimwachie fundi akisie kwa kutazama kitovu, maana kiuno cha mtu mara nyingi kiko juu ya kitovu.

Tuje kwenye kiini cha ufundi, nacho ni hesabu. Tuseme kiuno ni inchi 29 na nyonga 41. Ukiongeza nafasi ya kupumua, gauni linakuwa 30 kiunoni na 43 nyongani. Gawanya kwa nne, kwa kuwa gauni lina robo nne: kila robo ina inchi 7 na nusu kiunoni na 10 na robo tatu nyongani. Maana yake kila robo lazima ipoteze inchi 3 na robo kabla ya kufika kiunoni. Zinakwenda wapi? Fundi wa haraka huzikata zote kwenye mshono wa ubavuni. Matokeo yake ubavu unapinda kwa ghafla, nyonga zinatokeza kwa kona, na mgongo, ambao ndio wenye bonde, unabaki umetandazwa kama ubao. Fundi hodari huzigawa. Ubavuni hutoa inchi moja au zaidi kidogo, na zinazobaki huziingiza kwenye ile mikunjo myembamba inayoshonwa kwa ndani kiunoni, na kwenye mshono wa katikati ya mgongo unaobeba zipu. Nyuma hupunguza zaidi kuliko mbele, kwa sababu bonde liko nyuma.

Hesabu mikunjo hiyo. Kwa tofauti kubwa hivi, mmoja kila upande wa mgongo hautoshi, maana ukilazimishwa kubeba inchi 2 peke yake utaishia na kidonda kilichochongoka juu ya kalio. Bora miwili ya inchi moja moja. Angalia ncha zake: mshono ufifie polepole hadi usionekane, na uishe kabla ya kufika pale makalio yalipojaa zaidi. Ukiona kichunusi kwenye ncha, fundi alikatisha mshono ghafla au alirudisha cherehani kinyumenyume badala ya kufunga uzi kwa mkono. Njia nyingine, ninayoipenda zaidi, ni mishono mirefu inayoanzia begani au kwapani, ikapita juu ya kifua na kuteremka hadi nyonga, ile ambayo mafundi huiita prinsesi. Hapo kifua, kiuno na nyonga vinachongwa na mstari mmoja usiokatika. Inahitaji mkono tulivu, na inadai kitambaa zaidi, lakini gauni la prinsesi lililoshonwa vizuri halihitaji hata mkanda.

Kisha ligeuze ndani nje, hata kama fundi atanuna. Mishono iliyopinda kiunoni iwe imechanjwa vijipande kwa mkasi pembeni, la sivyo itavuta. Iwe imepigwa ovaloki, na imepigwa pasi ikafunguka pande mbili. Ubavuni ibaki akiba ya kitambaa ya inchi moja. Mwili wa mwanamke haukai na vipimo vilevile mwaka mzima, na gauni lisilo na akiba ni la msimu mmoja.

Kitambaa nacho kina neno lake. Kitenge cha waks ya kweli huwa na rangi ile ile mbele na nyuma, kwa sababu nta na rangi hupita pande zote mbili za pamba. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, imejijengea jina kwa hilo. Vitenge vya bei nafuu vilivyochapwa upande mmoja tu havina ubaya wowote kwa gauni la kila siku, ila chunguza wanga. Kitambaa kilichojazwa wanga husimama vizuri dukani, kisha kikifuliwa kinalegea, na mikunjo yote ya kiunoni inapoteza nguvu. Kisugue katikati ya vidole. Kikilainika pale ulipokisugua, au kikiacha unga, umeshajua. Kwa vyovyote, loweka kitenge na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi. Pamba hunywea, na gauni la namba nane halina inchi za kupoteza.

Maua makubwa ni mtihani wa pili. Kitenge cha upana wa inchi 46 hivi, yadi 3 hutosha gauni la kufika magotini, lakini kikiwa na maua au miduara mikubwa nunua yadi 4, fundi apate uhuru wa kuyapanga. Mduara mmoja ukiangukia kalio moja na mwingine ukakosa jirani yake, hakuna mshono utakaoficha. Miduara miwili juu ya kifua ni balaa zaidi, na ajabu ni kwamba bado inashonwa kila wiki. Mwambie fundi akuonyeshe alivyopanga kabla mkasi haujagusa kitambaa: ua kuu lishuke katikati ya mwili, na mshono wa mgongo usilipasue vipande visivyokutana.

Sketi ya marinda yanayoanzia kiunoni, hasa ya kitambaa kigumu, mwachie asiye na nyonga, imsaidie kuzipata. Wewe chagua sketi ya vipande sita au nane vinavyotanuka kuanzia chini ya nyonga, au ile iliyonyooka ikafinywa kidogo magotini. Shingo ya V au ya mraba hukipumzisha kifua kilichojaa. Shingo iliyofunga hadi kooni hukigeuza kifua kuwa ukuta. Mikono iliyofura inapendeza kwenye picha, lakini ukivaa kila siku utachoka nayo. Mkanda uwe mwembamba kama kiwiliwili ni kifupi, kwa sababu ule mpana utapanda hadi ugonge kifua.

Usijilinganishe sana na picha. Februari 1947 huko Paris, mbunifu Christian Dior alipoonyesha koti lake la Bar lenye kiuno kilichobanwa, nyonga za koti zilikuwa zimejazwa kwa ndani ili zitanuke. Umbo lile lilikuwa limejengwa na mshonaji. Mtindo wa mbunifu Diane von Furstenberg wa mwaka 1974, gauni la jezi la kujifunga, ulikuwa na akili nyingine: mvaaji mwenyewe ndiye anayeamua kiuno kiwe wapi na kibane kiasi gani. Mwanamke wa pwani anayejifunga khanga hatashangaa. Ukishonesha gauni la kujifunga, tazama mambo mawili tu. Kipande cha juu kifike karibu na mshono wa upande wa pili, kisije kikafunguka ukipanda daladala, na tundu la kupitishia mkanda liwe kiunoni hasa, lisiwe chini yake hata kidogo.

Dera nalitetea, ingawa linameza kiuno. Limekusudiwa hewa ipite, na kwenye joto la Tanga au Mombasa hiyo ni sifa kubwa. Kwa namba nane chagua lenye kitambaa laini kinachoanguka, maana kigumu kikining'inia kutoka kifuani kitakufanya upana mmoja tangu juu hadi chini. Anayetaka heshima bila kupoteza umbo anaweza kuomba baibui lililokatwa likipungua kidogo kiunoni na kutanuka kuanzia hapo. Linafuata mwili bila kuugusa.

Suruali za jinzi za mtumba zina somo lake. Nunua kwa nyonga, kiuno kitapunguzwa. Chagua ya kiuno cha juu, kaa chini ukiwa umeivaa, kisha ingiza mkono mgongoni: kikipita kiganja kizima, patahitaji kazi. Fundi mvivu hufinya mshono wa nyuma na mkanda wake pamoja, na mfinyo unaonekana toka mbali. Fundi mzuri hubandua mkanda, hupunguza mshono wa katikati chini yake, kisha huurudisha mkanda uliokatwa upya. Kikomo chake ni inchi moja na nusu hivi. Ukizidi hapo mifuko ya nyuma husogeleana hadi ikabusiana, na suruali nzima huonekana ya kuazima.

Na koseti, ambazo siku hizi hakuna sendofu isiyokuwa nazo? Zikishonwa vizuri zinapendeza mno. Uzuri wake hupimwa ukiwa umekaa: zile fimbo za plastiki zinazosimamisha kitambaa zisikuchome mapajani wala zisisukume kifua kidevuni, na uweze kumaliza sahani ya pilau bila kufunguliwa zipu. Wasichana wengi hujaribu koseti wakiwa wamesimama mbele ya kioo, dakika mbili, wakalipa. Shughuli ni ya saa sita.

Unapokwenda kwa fundi, vaa sidiria utakayoivaa siku yenyewe, kwa sababu kifua hupanda na kushuka nayo. Picha ya kwenye simu mwonyeshe, lakini mwambie pia ni kitu gani unachokipenda ndani yake, shingo au mkono au mteremko wa nyonga, asije akanakili kila kitu. Dai kujaribishwa gauni likiwa limepigwa bandi tu, wakati kufumua bado ni kazi ya dakika chache. Fundi akisema hapigi bandi, kwamba jicho lake linatosha, mpe kwanza sketi ya kitambaa cha bei nafuu umwone. Usimpelekee kitambaa cha harusi wiki ya harusi. Na siku ya kuchukua nguo, chukua na mabaki yote, hata vipande vya kiganja. Mafundi huvipenda kwa kutengenezea vilemba na mikoba, lakini nyonga zikiongezeka inchi 2 mwakani, kitenge kile kile hutakipata tena Kariakoo.