Mzee Kedi Hana Ukoo: Ardhi, Sheria na Haki katika Chozi la Heri

Makala hii ilizaliwa na swali ambalo sikuweza kulijibu. Nilikuwa nimealikwa katika shule moja ya sekondari karibu na Litein kuzungumza na watahiniwa kuhusu Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika shule za Kenya kati ya 2018 na 2022, sambamba na tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo. Nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi jamaa za Ridhaa wanavyoteketezwa nyumbani kwao na jinsi mkono wa Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, unavyoonekana katika unyama huo. Msichana mmoja akainuka, akauliza: "Mwalimu, na huyu Kedi, watu wake walitoka wapi?" Wenzake walicheka. Nilimwambia kwamba riwaya haisemi, kisha nikahamia kwenye tamathali za usemi, ambako mhakiki aliyebanwa hupata maficho siku zote.

Swali lile halikuwa la kitoto. Lilikuwa swali la fani, na aliyeliuliza aliliuliza mahali ambapo fani na historia haziachani kwa urahisi. Kutoka Litein, katika Bureti, msafiri huona chai ya aina mbili. Kuna chai ya wakulima wadogo, vijishamba vinavyopakana na migomba na mahindi, ambayo hupelekwa kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Na kuna chai ya makampuni, anapokaribia Kericho, zulia la kijani lisilo na boma wala kaburi. Kila mzee wa Kipsigis anajua kwamba zulia hilo lilitandikwa juu ya kitu. Riwaya inayohusu ardhi, ujirani na moto, ikisomwa hapa, haisomwi kama inavyosomwa Nairobi.

Hebu tuanze na yale ambayo Matei ameyafanya vizuri, kwa kuwa si machache. Riwaya nyingi zinazosawiri machafuko ya baada ya uchaguzi huyaanzisha siku ya kutangazwa kwa matokeo, kana kwamba chuki ni mvua ya ghafla. Matei amekataa njia hiyo. Ridhaa anapokaa katikati ya majivu ya kasri lake, kumbukumbu zake zinaturudisha kwenye utoto, kwenye siku ile shuleni alipobandikwa jina la dharau la mtu anayefuata mvua. Kisha tunarudishwa nyuma zaidi, hadi kwa Mwimo Msubili na ukoo wake mkubwa, na jinsi uhaba wa ardhi ulivyowahamisha baadhi ya wake na watoto wake hadi maskani mapya. Msimulizi anautaja ukoloni na sera zake za ardhi kuwa ndizo zilizowasukuma watu huku na huko. Kwa hiyo Ridhaa, anayeitwa mgeni, anaingia katika riwaya akiwa na shajara ya safari ya watu wake. Tunajua kwa nini yupo alipo. Huruma yetu kwake haitokani na majivu peke yake. Inatokana na kuelewa.

Kwa upande wa Kedi riwaya ni bahili. Ana jina, ana cheo cha ujirani, ana kosa. Hana babu. Hatuambiwi ni sheria gani iliyoipa au iliyoinyima jamii yake ardhi, wala ni maneno gani aliyoyasikia kwa mwanasiasa gani. Mtendaji wa uovu katika riwaya hii ni mtu bila historia, ilhali mtendewa ana historia ya vizazi vitatu. Mhakiki mwenye pupa atasema kwamba huo ndio uadilifu wa msanii: muuaji hastahili kutetewa. Sikubaliani naye. Kumpa mhusika ukoo si kumpa udhuru. Tunapomnyima, tunamwachia msomaji nafasi tupu, na nafasi tupu hujazwa na dhana aliyokuja nayo mwenyewe: kwamba watu wa kabila la Kedi ndivyo walivyo.

Nafasi hiyo tupu haiwezi kubaki tupu mbele ya msomaji wa Litein. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliifanya ardhi ya wenyeji kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba Mwafrika ni mpangaji tu juu yake, anayeweza kuondolewa wakati wowote. Katika Kericho, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 walitengewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Mradi ulianguka, lakini ardhi haikurudi ilikotoka. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yalikwisha kuingia. Kisha, mwaka 1934, ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Kipsigis, ambao watawala waliwaona kuwa chanzo cha ukaidi. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, katika nchi ya malaria na mbung'o. Hawakuruhusiwa kurejea hadi 1962.

Ningependa mwanafunzi wa fasihi aitazame sheria hiyo kama matini, kwa maana ni matini, na iliyoandikwa kwa ustadi wa kutisha. Jina lake rasmi lilikuwa sheria ya kuwaondoa Malaibon. Laibon ni neno la Kimaasai. Kwa Kipsigis kiongozi huyo huitwa orkoiyot. Hata katika kichwa cha hukumu yao, basi, watu hawa waliitwa kwa lugha ya jirani. Pia ni sheria isiyohukumu kitendo bali nasaba: mtoto aliyezaliwa juzi alihamishwa pamoja na babu yake kwa kuwa wa ukoo mmoja. Mantiki hiyo ndiyo ile ile ya umati unaoichoma nyumba ya Ridhaa. Yeye naye hakuhukumiwa kwa alilolitenda. Hapa ndipo Chozi la Heri ingeweza kutuonyesha jambo kubwa, kwamba kiberiti cha Kedi kina babu, na babu huyo alivaa joho la sheria. Riwaya inalikaribia jambo hilo, inalitaja kwa muhtasari wa msimulizi, kisha inalipita.

Si kwamba Matei hakuwa na nyenzo. Alikuwa na Tila. Binti huyu wa Ridhaa, anayependa kujadiliana na baba yake kuhusu sheria, utawala na matunda ya uhuru, ndiye mhusika pekee mwenye hamu na akili ya kuuliza maswali ya kitaasisi. Naye anateketea. Mazungumzo yake yanatufikia kama kumbukumbu ya marehemu. Sijui kama mwandishi alikusudia hivyo, na kwa hakika kusudio lake si hoja yangu, lakini athari yake ni kwamba sauti ya sheria inazikwa mwanzoni mwa kitabu, na kuanzia hapo maswali ya haki yanageuka kuwa maswali ya malezi. Tunakwenda kambini, tunasikiliza masimulizi ya Kaizari, kisha polepole riwaya inamfuata Umulkheri na nduguze hadi wanapopata wazazi wapya, Mwangeka na Apondi. Ni mwisho unaogusa moyo. Aliyepoteza mtoto anapata mtoto, aliyepoteza wazazi anapata wazazi. Lakini nani alishtakiwa? Nani alirudishiwa nini? Kupanga mtoto ni jambo la heri, na jina la riwaya linatuahidi heri. Haki ni kitu kingine.

Katika Kigogo mambo ni mepesi zaidi. Majoka anafunga soko la Chapakazi, Tunu na Sudi wanampinga, na umma unajua adui yake ni nani. Sagamoyo haina makabila, kwa hiyo haina jirani wa kuogopwa. Ndiyo maana wanafunzi huipenda, na ndiyo maana nadhani Chozi la Heri, pamoja na upungufu ninaoulalamikia, ni kazi yenye ujasiri zaidi. Imethubutu kumweka muuaji nyumba ya pili.

Na nyumba ya pili ndiko historia yetu ilikomweka. Mwezi Oktoba 1991, wakati madai ya vyama vingi yalipokuwa yamepamba moto, mapigano yalianza katika shamba la Miteitei, Nandi, yakaenea hadi Kericho. Kifungu cha 2A kilichohalalisha chama kimoja kilifutwa Desemba mwaka huo huo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilichunguza jinsi wanasiasa walivyoutumia uchungu wa ardhi dhidi ya wapigakura wasiotakiwa. Yakarudi yale yale mwishoni mwa 2007. Tazama sasa moto ulielekea wapi. Hati za kukodi ardhi kwa miaka 999 hazikuungua. Hata ndani ya mashamba ya chai, walioshambuliwa ni wachumaji na familia zao waliotoka makabila mengine. Zaidi ya 200 kati yao waliishtaki kampuni ya Unilever huko London, wakidai haikuwakinga, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko ikaamua kwamba kesi yao haiwezi kusikilizwa Uingereza. Upande wa pili, Katiba ya 2010 ilipunguza ukodishaji wa wasio raia hadi miaka 99 na kuipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria. Mwaka 2019 tume hiyo iliyakubali madai ya Kipsigis na Talai, makampuni yakaenda mahakamani kuupinga uamuzi, na mwaka 2022 wadai wakapeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Hivyo mchumaji aliyechomewa nyumba na mwana wa Talai aliyepokonywa shamba wote wawili wamepita kwenye milango ya mahakama za Ulaya, kila mmoja kwa wakati wake, bila kukutana. Riwaya ya Kiswahili ndiyo chumba kimoja ambamo wangeweza kuketishwa. Hakuna jaji anayeweza kumlazimisha Ridhaa kuisikiliza hadithi ya babu yake Kedi, wala kumlazimisha Kedi kuyatazama majivu, mwandishi anaweza. Kwa sababu hiyo simlaumu Matei kwa kuwa si mwanahistoria. Namdai kama msanii: angalau sura moja ndani ya nyumba ya Kedi, usiku kabla ya moto, tuone anachosimuliwa, nani anamsimulia, na ni wapi angeweza bado kukataa. Bila kuonyeshwa pale ambapo angeweza kukataa, hatuwezi hata kumhukumu sawasawa.

Nilirudi katika shule ile muhula uliofuata, safari hii na nakala ya maelezo ya sheria ya 1934, niliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Nikaiweka mezani kando ya riwaya na kuwaomba wanafunzi waandike sura inayokosekana. Yule msichana aliandika kurasa nne. Kedi wake ana bibi aliyezaliwa Gwassi, naye anamkataza asitoke usiku ule. Kedi anatoka.