"Shilingi Imekufa": Uhakiki wa Usemi Mmoja

Hapa Nyololo, kwenye njia panda ambapo barabara iendayo Igowole na Mgololo huachana na barabara kuu ya kwenda Mbeya, ukikaa nusu saa katika kibanda chochote cha chai hukosi kuusikia usemi huu: "Shilingi imekufa." Huusema dereva wa lori aliyetoka kujaza mafuta. Huusema mama auzaye viazi kwa abiria wa mabasi. Huusema kijana wa mbao, tena kwa sauti ya mtu aliyehudhuria mazishi yenyewe.

Sina ugomvi nao, maana wengi wao niliwafundisha. Lakini nilishika chaki kwa miaka 38, na mtu aliyezoea kusahihisha madaftari hawezi kuuacha usemi upite bila kuukagua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, niruhusu niusahihishe kama ningesahihisha insha: kwanza palipo na kweli, halafu palipopotoka. Mwisho nitajitazama mwenyewe, kwani katika insha hii baadhi ya makosa ni ya mwalimu.

Kweli ipo, tena nyingi. Shilingi yetu ilipozaliwa mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kuondoka, dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 7 na senti chache. Mwaka 2015 dola hiyo ilivuka shilingi 2,000, na mwaka 2024 ikavuka 2,600. Hayo ni zaidi ya mara 360. Mtu aliyeyaona yote hayo kwa macho yake, kama mimi, hawezi kumwambia kijana wa mbao kwamba anaota.

Lakini jeraha lenyewe halikutokana na dola. Lilitokana na miaka ya themanini. Katika muongo ule bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 hivi kila mwaka. Watu wengi husikia "asilimia 30" wakadhani ni hasara ya theluthi moja, basi. Sivyo. Hebu tufanye hesabu ubaoni. Kitu kilichouzwa shilingi 100, kikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, baada ya miaka 10 kitauzwa karibu shilingi 1,380. Sasa tuseme mtu aliweka shilingi 100 zake mahali palipompa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka hiyo 10 atakuwa na shilingi 259. Kwa maneno mengine, aliyeweka fedha ya bati 10 atatoa fedha isiyotosha bati 2. Hakuibiwa na mtu, wala hakuna karani aliyekosea hesabu. Kitabu chake kitaonyesha kwamba amepata faida, na nyumba yake itaonyesha kwamba amepata hasara.

Hesabu hii sikuipata vitabuni. Niliiletewa nyumbani. Mmoja wa wanafunzi wangu alimaliza darasa la saba, akapata kibarua katika mashamba ya chai ya Mufindi. Nilimwita nikamwambia kama nilivyowaambia wote: usile mshahara wote, fungua kitabu cha akiba, usiweke fedha ndani ya godoro. Alinitii. Aliweka kila mwezi bila kuruka, akikusudia kuezeka nyumba ya mama yake kwa bati 20. Alipokwenda kuzitoa fedha zile, alirudi na bati 3. Wenzake waliokuwa wakitumia mishahara yao kununua matofali, ndama au hata godoro lenyewe walikuwa wamemtangulia. Alikuja kwangu jioni, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Sikulaumu. Lakini mbona hukutuambia na hili?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikulijua. Niliwafundisha watoto kwamba akiba haiozi, kumbe fedha nayo huoza kama nyanya, ila harufu yake huchelewa kusikika. Tangu siku ile nimekuwa mpole sana kwa watu wasemao kwamba wananchi hawana utamaduni wa kuweka akiba. Wameusema wageni wa semina, na wameusema viongozi majukwaani. Usemi huu ni pacha wa ule wa kibandani, na wote wawili una kasoro moja: haukutazama watu wanafanya nini.

Atazame basi anayetaka. Panda kilima chochote hapa Mufindi uone mipaini na mikaratusi ya watu binafsi. Ile ni akiba. Matofali yaliyopangwa nyuma ya nyumba kwa miaka sita ni akiba. Wanawake wanaokutana kila wiki na sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mshika wake, wanaweka akiba na kukopeshana kwa nidhamu ambayo ofisi nyingi hazina. Watu wetu hawakukataa kuweka akiba. Walilokataa ni kuweka akiba ya karatasi, na walikuwa na sababu: wale waliotii walipata adhabu, na wale waliopuuza walipata zawadi. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi kwa semina ya siku mbili.

Sasa nifike palipopotoka. Kwanza ni hili la kupima uhai wa shilingi kwa dola peke yake. Sikatai kwamba dola hutufikia. Hutufikia kwa dizeli, kwa vipuri vya lori, na kwa mbolea. Wakulima wetu wanaikumbuka vyema bei ya mbolea ya mwaka 2022, kabla serikali haijaleta ruzuku. Lakini bei ya maharage ya jirani haipigiwi simu kutoka New York. Tena usemi huu hauna haki, kwa sababu husikia upande mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi ilipata nguvu kwa wiki kadhaa mbele ya dola hiyo hiyo. Nilikaa kibandani nikisubiri. Sikumsikia mtu hata mmoja akitangaza ufufuo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, hofu imedumu kuliko kilichoileta. Tangu mwaka 1999 mfumuko wa bei, ukiacha vipindi vichache vibaya, umekaa chini ya asilimia 10, na katika miaka hii ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5. Hata hivyo watu wanaendelea kuishi kana kwamba ni 1985. Nilishuhudia matokeo yake mapema mwaka 2025. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za zamani, zile za kuanzia mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5, na baada ya hapo zisingepokelewa. Bibi mmoja jirani yangu akaja na kopo la maziwa lililokuwa darini. Ndani mlikuwa na shilingi 14,000, noti za sura ya Mzee Mwinyi, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Tulikwenda Mafinga, zikapokelewa, akapewa noti mpya. Aliziangalia kwa muda, akasema, "Hizi zilikuwa za bati, Mwalimu." Sasa hazikutosha bati moja. Kopo lilikuwa limezilinda na panya, na moto, na wajukuu. Na bei halikuweza.

Kuna watakaosema: ndiyo maana sisi tunapanda miti. Naam, nami ninayo ekari 2 za mipaini. Lakini mti nao una mtihani wake. Hutaka miaka 15 au zaidi, na ugonjwa haungoji miaka 15. Moto wa mwezi wa kumi hauulizi shamba ni la nani. Januari ikifika, ada zikidaiwa, utaona mzazi akiuza mipaini michanga shambani kwa bei anayotajiwa na mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi anajua ada haina subira. Huyo naye amepoteza bati zake, ila zamu hii hawezi kuilaumu shilingi.

Ningekuwa natoa alama, basi, usemi wa "shilingi imekufa" ningeupa nusu. Umeona maradhi, haukujua tiba. Shilingi haikufa, ilidhoofika, na kila kitu kinachodhoofika hutaka kutunzwa kwa akili. Fedha ya chumvi na ya hospitali ikae karibu, hata kama inaliwa kidogo kidogo. Fedha ya ada ya mwaka ujao ikae kwenye kikundi au kwenye amana ya muda maalumu. Fedha ya uzeeni iende kwenye miti, ardhi, au hati fungani za serikali, ambazo siku hizi hata mwalimu mstaafu anaweza kuzinunua. Na kila unapoambiwa riba, uliza swali la pili: na bei zinapanda kwa kiasi gani? Swali hilo la pili ndilo nililoshindwa kulifundisha.

Yule mwanafunzi wangu sasa ana wajukuu. Mwaka jana nilimkuta njia panda akipakia viazi, nikamweleza hesabu ya bati 10 kama nilivyoiandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Umechelewa miaka 35, Mwalimu," akasema. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akihesabu magunia, akamwambia: "Njoo, umsikilize babu. Leo anayo yote mawili."